Folda ya Mteja Sifuri

SURA YA SABA

Siku ya ishirini na mbili tangu yule mwanamke fundi wa meno bandia atoweke, Inspekta aligonga mlango wa nyumba yake kwa mara ya nne. Safari hii hakufuatana na askari. Alifuatana na fundi wa kompyuta, pande la mtu lenye vidole vinene, ambaye kituo kizima kilimwita Skrubu kwa sababu hakuna kitu alichowahi kupewa akashindwa kukifungua.

Inspekta naye alikuwa na jina lake la kubandikwa. Walimwita Mama Faili, maana hakwenda popote bila faili la kesi kwapani. Faili la leo lilikuwa jembamba la kutia aibu. Ndani mlikuwa na picha ya mwanamke wa miaka thelathini na minne, maelezo ya mume, maelezo ya mama mzazi, na karatasi moja kutoka mochwari.

Karatasi hiyo ndiyo iliyomkaa rohoni. Siku kumi na mbili zilizopita, wachimba mawe walikuta mwili wa mwanamke kwenye shimo la machimbo lililojaa maji. Uso ulikuwa umeharibika, vidole vimeharibika. Urefu ulilingana na wa fundi wa meno, umri ulilingana. Kilichokataa ni mdomo. Maiti ile ilikuwa na meno matatu bandia mbele, na mume wa fundi aliapa kwamba mkewe hakuwa na pengo hata moja. Mama mzazi aliapa vivyo hivyo. Majibu ya vinasaba yangechukua miezi mitatu, na halmashauri ilikuwa imeshabandika tangazo: maiti zisizo na wenyewe zitazikwa Ijumaa.

Leo ilikuwa Jumatano.

Mume ndiye aliyefungua. Alikuwa na duka la vioo, mtu nadhifu, shati limepigwa pasi, sauti ya chini. Majirani wote walimsifu.

"Karibu, Inspekta. Karibu, kaka. Kuna lolote?"

"Tumekuja kuitazama kompyuta. Kibali cha mahakama hiki hapa."

"Si askari wako aliitazama wiki ya kwanza?"

"Aliangalia barua pepe, akaandika kwamba hakuna kitu. Nataka iangaliwe vizuri."

Mume alirudi nyuma akawapisha. "Mimi na kompyuta ni mbingu na ardhi. Ukimtoa huyo askari, tangu aondoke haijawashwa. Sikutaka kuvuruga vitu vyake."

Inspekta aliandika maneno hayo kama yalivyotamkwa, na saa aliyoyasikia.

Ilibidi wapite uani kwenda kwenye karakana. Uani alikuwepo mama mzazi wa fundi, aliyehamia hapa siku ya pili ya msiba huu usio na jina. Alikuwa anaanika nguo za mwanawe. Nguo zilikuwa safi tangu mwanzo, lakini alizifua kila siku.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmempata?"

"Bado, mama."

"Leo nimemfulia lile gauni la njano. Analipenda." Akabana kibanio kwenye kamba, halafu akamgeukia mkwewe. "Baba, umekunywa chai? Tangu jana hujatia kitu tumboni."

"Nitakunywa, mama," mume akajibu kwa upole.

Karakana ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la kaskazini. Ukuta mzima ulikuwa na rafu, na kwenye rafu yalipangwa mataya ya jasi, meupe, kila moja na namba yake. Juu ya meza palikuwa na taa ya kuinama, mota ndogo ya kusagia, vipande vya nta ya waridi, na kompyuta. Skrubu alivuta kigoda, kikalalamika chini yake, akaiwasha. Haikuwa na nywila.

Chini ya skrini ukajitokeza mstari wa picha ndogondogo. Ukipitisha mshale juu yake, picha zilivimba kidogo moja baada ya nyingine.

"Hii ni programu ya kupanga vitu vyako vya kila siku," Skrubu alisema. "Mimi huiita mshipi. Huyu alikuwa mtu wa mpangilio, Mama. Ameweka folda sita tu."

"Zifungue."

Alibofya ya kwanza. Ikafunguka kama upepeo, faili zikajipanga juu ya skrini: orodha za miadi. Ya pili, picha za rangi za meno. Ya tatu na ya nne, barua za madaktari waliompa kazi. Ya tano iliandikwa *Tarumbeta*. Alipoibofya, ikaruka mara moja, ikanyamaza. Ya sita iliandikwa *Mteja 0*. Nayo ikaruka, ikanyamaza.

"Mbovu hiyo siku nyingi," mume alisema. Alikuwa amesimama mlangoni. "Alikuwa akilalamika."

Skrubu aliizima programu, akaiwasha upya. Folda nne zikafunguka, mbili zikagoma. Akaangalia kama programu ilibadilishwa toleo karibuni. Haikubadilishwa. Akatengeneza folda yake ya majaribio, akaiburuta kwenye mshipi, akaibofya. Ikafunguka bila kinyongo.

"Mshipi ni mzima," alisema. "Ugonjwa uko kwenye hizi mbili."

"Nieleze kama mtoto," Inspekta alisema.

"Hizi unazoziona si folda, Mama. Ni njia za mkato. Chukua kibao cha barabarani kilichoandikwa hospitali. Kinakuonyesha hospitali ilipo, lakini ukikigonga hupewi dawa. Sasa hospitali ikihamishwa au ikivunjwa, kibao hakina habari. Kinaendelea kuonyesha."

"Kwa hiyo hivi viwili vinaonyesha mahali pasipo na kitu."

"Ndiyo. Swali ni mahali gani."

Alibofya *Tarumbeta* kwa upande wa kulia, akafungua sifa zake. Mstari mmoja ulionekana. Njia ilianza na herufi E.

"Hakuna diski E humu. Itakuwa kitu cha kuchomeka."

Inspekta alifungua droo moja baada ya nyingine. Katika ya tatu alikuta kamera, na ndani ya kamera kadi ya kumbukumbu. Skrubu aliichomeka. Kompyuta ikaipa herufi F.

"Kadi imepewa herufi isiyo yake," alisema, akaingia kwenye mipangilio ya diski, akaibadili kuwa E. Alipobofya tena, *Tarumbeta* ikafunguka.

Zilikuwa picha arobaini. Zote za mwanamume mmoja, wa miaka hamsini hivi, anacheka. Anacheka kwa mbele, kwa ubavu, ameinua kidevu.

Mume alivuta pumzi. "Si nilikwambia, Inspekta? Nilikwambia tangu siku ya kwanza kuna mtu. Hukunisikiliza."

Ni kweli alikuwa amesema. Na kwa muda wa dakika tano hivi Inspekta alidhani amepata kamba ya kushika. Mtu huyo alikuwa na namba ya simu kwenye orodha ya miadi. Alimpigia akiwa amesimama palepale, akaweka sauti ya wazi.

"Mimi ni mpiga tarumbeta, mama," sauti ilisema. "Nilipata ajali, meno manne ya mbele yakaenda. Kwa mtu wa tarumbeta huo ni mwisho wa maisha. Yule dada alinitengenezea mengine. Nilimrudia mara tatu, sauti haitoki, inatoka hewa tu. Wala hakunichoka. Alinipiga picha nikicheka ili ayapange upya."

"Ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Miezi miwili sasa. Nimesikia redioni kwamba hajulikani alipo. Nimekosa raha kabisa."

"Aliwahi kukuambia anataka kusafiri? Ana shida yoyote?"

"Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alinitia moyo tu. Aliniambia, 'Vumilia, kaka, ulimi unataka wiki mbili kuyazoea. Mimi mwenyewe wiki ya kwanza sikuweza kusema sabuni.'"

Inspekta aliacha kuandika. "Alisema *mimi mwenyewe*?"

"Ndiyo. Nilicheka. Nilidhani ananifariji."

Aliagana naye, akakata simu. Hakumtazama mume. Alimwomba maji ya kunywa, mtungi mzima ikiwezekana, maana koo limemkauka. Mume alisita kidogo, kisha akaenda. Inspekta alirudishia mlango.

"Mteja sifuri," alisema. "Haraka."

Skrubu alifungua sifa za ile njia ya mkato. Ilielekeza ndani ya folda ya kazi, kwenye folda ya wateja. Wakaingia humo. Wateja walikuwa wamepangwa kuanzia Mteja 1 mpaka Mteja 212, hakuna aliyerukwa. Sifuri hakuwepo. Skrubu aliitafuta kompyuta nzima kwa jina hilo. Hakuna. Akafungua kapu la taka. Tupu.

"Imefutwa?"

"Au imebadilishwa jina. Ngoja." Alifungua kumbukumbu za mashine, mistari mirefu ya tarehe na saa. Kidole chake kinene kikateremka polepole juu ya kioo, kikasimama. "Mama, huyu dada alionekana mara ya mwisho lini?"

"Jumanne jioni."

"Kompyuta iliwashwa Jumatano yake, saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Ikazimwa saa nne kasoro tano. Na hii folda ya wateja iliguswa saa tatu na dakika arobaini na sita. Kitu kilitolewa humu. Kapu la taka likamwagwa dakika mbili baadaye."

Inspekta alifunua faili lake, akasoma maelezo ya mume. Jumatano hiyo, asubuhi nzima, alikuwa dukani kwake akikata vioo. Alifungua duka saa mbili. Maelezo yalikuwa na sahihi yake.

"Unaweza kuirudisha?"

"Nitajaribu."

Alichomeka kifaa chake, akaiachia programu ya kufukua ifanye kazi. Mstari wa kijani ulitambaa. Mume alirudi na mtungi na glasi tatu, akaviweka mezani, akasimama. Inspekta akamimina, akanywa bila kiu. Kutoka uani ilisikika sauti ya mama akikung'uta nguo.

Mstari ulifika mwisho. Skrubu alitikisa kichwa.

"Nafasi yake imeshasafishwa. Hata unyoya haukubaki."

Inspekta alikaa kwenye kiti cha wateja, kile cha kuegemea nyuma. Siku ishirini na mbili. Alikuwa amezunguka vituo vya mabasi, hospitali, nyumba za wageni, akaonyesha ile picha hadi pembe zikachakaa. Keshokutwa watamfukia mwanamke asiye na jina, na jibu la maabara likija litakuta udongo umeshaota majani. Na kama mume ameiwasha kompyuta, atasema alisahau. Mwanasheria yeyote atasema mtu aliyepotelewa na mke husahau mambo.

"Poleni na kazi," mume alisema. Sauti yake ilikuwa imelegea kidogo, kama ya mtu aliyevua viatu.

Inspekta alimgeukia Skrubu. "Huo mshipi wenyewe, unajuaje pa kuelekeza? Umeandika wapi?"

Skrubu akakuna kichwa. "Una daftari lake. Faili la maandishi tu." Akalifungua. Mistari sita, folda sita. "Haya ndiyo tuliyokwishaona." Kisha akainama karibu zaidi na kioo. "Ila programu hii ni mwoga. Kila mtu anapobadilisha kitu, inaweka pembeni nakala ya daftari la zamani, isije ikaharibikiwa."

"Zipo?"

"Zipo tatu."

Ya mwisho ilikuwa ya miezi miwili iliyopita, siku alipoiongeza *Tarumbeta*. Haikuwa na jipya. Iliyotangulia ilikuwa ya miezi minne iliyopita. Skrubu alisoma mstari wa *Mteja 0*, akausoma tena, akamgeuzia Inspekta kioo. Njia haikwenda kwenye folda ya wateja. Ilikwenda kwenye diski D, sehemu ndogo ya kando, ndani ya folda iliyoitwa *Maelekezo ya jasi*.

"Alikuwa ameificha," Inspekta alinong'ona. "Miezi minne iliyopita akaitoa mafichoni, akaiweka pamoja na wateja wengine."

"Alihamisha au alinakili?" Skrubu alijiuliza, na mkono wake ulikuwa umeshafika.

Folda ya jasi ilijaa kurasa za kiwandani: kiasi cha maji, muda wa kukauka, joto. Hakuna mtu mwenye akili zake angezisoma. Chini kabisa palikuwa na folda isiyo na jina, nukta tu. Aliifungua.

Alikuwa amenakili. Asili ilikuwa palepale.

Picha sitini na moja na kurasa tatu za maandishi. Zote zilionyesha mdomo, si uso; mdomo mmoja uleule, na rula ndogo pembeni ya ufizi. Katika picha za kwanza jino moja la juu lilikuwa limekatika. Katika zilizofuata, mawili. Katika za mwisho matatu, na mdomo wa juu umevimba mpaka umegeuka nje.

Mume alikuwa amesogea hatua mbili. Inspekta alinyanyua mkono bila kugeuka, na mume akasimama hapohapo.

"Tazama mkono," alimwambia Skrubu. "Mtu akisimama mbele yako kukufunua mdomo, dole gumba lake linakaa vipi?"

Skrubu alijaribu hewani. "Hivi."

"Na huu hapa?"

"Umegeuka. Unatoka kwa mteja mwenyewe." Akaurudisha mkono mezani. "Amejifunua mwenyewe. Kamera imewekwa kwenye stendi."

Inspekta alifungua kurasa za maandishi. Ziliandikwa kikazi, kama za wateja wengine wote.

*Mteja 0. Jino la mbele la juu, kushoto. Sababu: kuanguka bafuni.*

Ya pili, miaka miwili baadaye: *Jino la pembeni yake. Sababu: mlango wa kabati.*

Ya tatu, miezi mitano iliyopita: *Jino la tatu. Daraja jipya la meno bandia matatu. Sababu: ameomba msamaha.*

Picha ya mwisho ilionyesha kazi iliyokamilika, meno matatu madogo juu ya kiganja, yamegeuzwa tumbo juu. Kwa ndani, mahali ulimi unapopita, palichongwa kiduara kidogo kisichozidi mbegu ya ufuta.

Alimpigia daktari wa mochwari. Wakati huu hakuweka sauti ya wazi.

"Daktari, yale meno ya maiti ya machimboni. Yageuze. Angalia ndani."

"Nitakupigia."

"Sikati. Nasubiri."

Alisubiri. Alisikia droo ya chuma, nyayo, bomba la maji likifunguliwa na kufungwa. Kisha daktari akarudi.

"Kuna alama, Inspekta. Nilidhani ni dosari ya kiwandani. Ni duara. Kama herufi O."

"Ni sifuri," Inspekta alisema. "Ahsante."

Aliiweka simu mezani. Mume alikuwa amekaa kwenye kigoda cha pembeni, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri zamu yake kwa daktari.

"Uliniambia kompyuta haikuwashwa."

"Nilisahau."

"Ulikuwa dukani au hapa?"

"Nilipitia nyumbani. Nilisahau miwani."

"Uliniambia mkeo hana pengo."

"Mambo ya mdomoni mwake ningeyajuaje? Yeye ndiye fundi."

"Miaka tisa ya ndoa."

Mume akapangusa vumbi la jasi kwenye goti la suruali.

"Folda ile ulionyeshwa na nani?"

Mume alitazama mataya kwenye rafu. "Alinionyesha mwenyewe," alisema hatimaye. "Jumanne. Alisema anazipeleka picha kwa mwanasheria. Alikuwa ametulia kabisa, Inspekta. Angepiga kelele, ningejua la kufanya. Alianguka. Nilimsukuma tu, akaanguka kwenye ngazi ya nyuma."

"Na machimboni alifikaje?"

Akainamisha kichwa. "Naomba nikafunge duka kwanza," alisema. "Nimeacha funguo kwa mtu."

Askari wawili walifika baada ya nusu saa. Walimpitisha uani, na hapo ndipo mama alipoacha nguo zake. Aliwakimbilia na kibanio mkononi, akajitia kati, mfupi, kifua mbele.

"Mnampeleka wapi mwanangu? Mwacheni! Mtu amepotelewa na mke mnamfunga pingu? Inspekta, huyu ndiye anayenipikia! Huyu ndiye anayenishika mkono usiku nikilia!"

"Mama, njoo ukae."

"Sikai! Baba, waambie."

Mume hakumtazama. Alipita, akainama kukwepa kamba ya nguo, akatoka. Mlango wa gari ulisikika. Mama alibaki amesimama katikati ya ua, akimtazama Inspekta usoni, kibanio kingali mkononi. Inspekta alimshika kiuno. Alimwingiza karakanani, akamkalisha.

"Mama, yule wa machimboni ni yeye."

"Siyo." Alilisema haraka, kwa ukali. "Nilishawaambia. Yule ana meno ya kununua. Mwanangu meno yake yote. Mimi ndiye niliyeyaona yakiota, mimi ndiye niliyeyatupa yalipong'oka. Nyinyi wasomi mnanifundisha meno ya mwanangu?"

Inspekta hakuwa na njia nyingine. Kazi ilitaka ndugu autambue mwili, na ndugu alikuwa huyu tu. Alimwonyesha Skrubu kwa kidole afungue picha ya kwanza, ile yenye uvimbe mdogo.

Mama alitazama kwa jicho la kukataa. Kisha akasogeza uso. Chini ya mdomo, karibu na kona, palikuwa na kidoa cheusi cha kuzaliwa. Aliinua kidole akakigusa kioo pale penye kidoa, akakiacha hapohapo.

"Wee mtoto," alisema.

Hakulia. Aliuliza picha hiyo ni ya lini. Inspekta akamtajia tarehe. Mama akaanza kuhesabu chinichini, miezi, mvua, ugonjwa wa dada yake, mpaka akafika.

"Alikuja kwangu," alisema. "Siku ile ya pili yake. Alikuja amejifunga kitambaa mdomoni. Akasema jino linamsumbua. Nikamchemshia maji ya chumvi. Akalala siku moja, akalala siku mbili, hasemi habari za kurudi. Siku ya tatu nikaona aibu, watu wataanza kuuliza. Nikamwambia mwanamke aliyeolewa halali kwa mama yake kwa sababu ya jino." Alivuta pumzi. "Akaniambia, 'Mama, niache nikae mpaka Jumapili.' Sikumwuliza kwa nini Jumapili. Nikamshika mkono huu hapa, nikampandisha gari, nikamleta mpaka mlango ule. Nikampa mumewe mkononi. Nikacheka. Nikasema, 'Chukua mkeo, anadeka tu.' Na yeye akacheka na kitambaa chake mdomoni."

"Hukujua, mama."

"Kitambaa kilikuwa na damu. Mimi ndiye niliyekifua."

Nje, mlango wa uani ulikuwa wazi kama askari walivyouacha. Kulikuwa na fomu ya utambuzi ndani ya faili, na ilitakiwa isainiwe leo ili mochwari wasimamishe mazishi ya Ijumaa. Aliitoa, akaiweka juu ya meza na kalamu yake, mbali kidogo na mkono wa mama, akangoja.

Mama hakuiona. Alikuwa anamtazama Skrubu.

"Mwanangu, unaweza kuikuza?"

Skrubu aliikuza. Mdomo ukaenea nusu ya skrini.

"Kidogo tena."

Akaikuza tena. Kidoa kikawa kikubwa kama sarafu.

"Tena."

"Ikizidi hapa, mama, haionekani kitu. Inakuwa rangi tu."

"Ikuze."

Skrubu alimtazama Inspekta. Kidole kinene kikabofya, kikabofya tena, mpaka skrini nzima ikajaa vipande vya kahawia na vyekundu visivyo na umbo, na mama akasogeza kiti karibu zaidi.